Yesi Kumi na Moja

Bi Tabu binti Kondo alianza kuogopa siku ya Jumatano, saa nane mchana, akiwa anasugua sufuria la uji. Kabla ya hapo alikuwa hajaogopa kitu miaka mingi, na akisikia mtu anasema ana hofu alikuwa anambenulia mdomo.

Alikuwa ameinamia beseni kando ya geti la ghala, pale Mtoni, mahali alipokuwa akiwauzia wapakiaji mizigo uji na vitumbua kwa miaka kumi na tisa. Gibson, karani wa ghala, kijana mpole asiye na maneno mengi, akaja akasimama mbele yake. Akakohoa. Akatazama nyuma. Akakohoa tena.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Chai imekwisha, usinitolee macho."

"Sijafuata chai. Bibi, kwani wewe na Shomari mna ugomvi?"

"Shomari mlinzi? Ugomvi wa nini? Mtoto yule nimemuona anatambaa, mama yake jirani yangu ukuta kwa ukuta."

"Sasa mbona umemmaliza?"

Bi Tabu akainua kichwa. Povu likamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Nimemmaliza vipi?"

Gibson akachuchumaa, akashusha sauti. "Yule mgeni wa bima, asubuhi. Kakuuliza, alfajiri ya Jumatatu ulimwona Shomari akifungua geti? Ukasema yesi. Kuna gari iliingia? Yesi. Shomari ndiye aliyepakia maboksi? Yesi. Ulimwona kwa macho yako? Yesi. Una uhakika? Yesi, no problem. Yesi kumi na moja, Bibi, nimezihesabu. Na karatasi umeiandika jina lako chini. Ijumaa saa tatu asubuhi mgeni anarudi kukusikiliza mara ya mwisho, halafu Shomari anakabidhiwa polisi."

Sufuria likamtoka mkononi likalia kwenye zege. Bi Tabu akaliokota, akaendelea kulisugua palepale alipokuwa amekwisha kupasugua.

"Nimejibu nilichoulizwa," akasema.

Gibson akamtazama kidogo, kisha akasimama. "Mie nimekwambia tu. Maana maelezo ya uongo nayo ni kesi, Bibi. Watu wanafungwa." Akaenda zake.

Hapo ndipo baridi ilipomwingia, jua la saa nane likiwa utosini.

Sasa ili ujue alifikaje pale, lazima ujue jambo moja. Mtoni yote ilijua kwamba Bi Tabu anajua Kiingereza, na aliyeitangazia Mtoni habari hiyo ni Bi Tabu mwenyewe. Ujanani mwake alilea watoto wa familia moja ya kigeni kule Boko. Alikaa nao miaka minne, akatoka na maneno kama ishirini hivi: good morning, thank you, hot water, baby sleep, no problem. Na yesi. Kwa maneno hayo ishirini alijijengea jina. Mtu akipata boksi la dawa lenye maandishi, anampelekea Bi Tabu. Analishika mbali, analigeuzageuza, anasema, "Hii ya tumbo, kunywa baada ya kula." Kusoma kwenyewe alikuwa anasoma kwa kuburuza kidole, herufi moja moja, kama alivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima. Lakini nani angemuuliza?

Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kumuumbua, naye ni Mwalimu Felicitas, Mhaya, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi aliyekuwa anaishi nyuma ya msikiti. Kwenye sherehe ya watoto kumaliza darasa la saba, mgeni mmoja alimuuliza Bi Tabu anafanya kazi gani, kwa Kizungu, naye akajibu, "Fine, thank you." Mwalimu Felicitas akacheka mpaka soda ikamtokea puani. Tangu siku ile hawakusemezana. Miaka sita. Wakikutana njiani, kila mmoja anakumbuka alichosahau upande wa pili wa barabara.

Basi Jumatano ile asubuhi, mgeni wa bima alipokuja kuchunguza habari ya maboksi kumi na sita ya pampu za maji yaliyopotea ghalani, meneja alimwambia aanze na mama wa uji, kwa sababu kila siku yuko getini kabla hata ya jogoo. Mgeni alikuwa dada wa Kizungu, mwembamba, mwenye miwani, kompyuta mapajani, anatabasamu kwa midomo bila kuonyesha meno. Gibson akavuta kiti akae katikati.

"Bibi, mie nitakufasiria."

"Unifasirie mie? Nimelea watoto wa Kizungu wewe baba yako hajaoa! Kaa huko pembeni."

Wapakiaji waliokuwa wamejazana kwenye dirisha la ofisi wakapiga kelele. "Mtupie, Bibi! Mtupie Kizungu!" Na Bi Tabu akakaa wima kama bibi harusi.

Yule dada akafungua mdomo, na maneno yakaanza kumiminika kama mchele kwenye ungo. Bi Tabu alidaka punje mbili tatu: Monday. Gate. Shomari. Kila aliposikia Shomari, moyo wake ulisema huyu ni kijana mwema, namtetea. Akajibu, "Yes." Na kwao alivyolelewa, mgeni ukimkatalia neno unaonekana huna adabu. Akaona akimkubalia mgeni, naye mgeni atamkubalia kijana. "Yes, yes. Shomari, yes." Mgeni anaandika. Dirishani wanashangilia.

Hivyo ndivyo alivyommaliza.

Na uchungu wenyewe ni kwamba Bi Tabu peke yake, katika Mtoni yote, ukimwacha Shomari mwenyewe, ndiye aliyejua kuwa Shomari hakuiba. Jumatatu ile alfajiri alikuwa amefika, amewasha mkaa, akainuka kufuata maji, na dunia ikamzunguka. Alipofumbua macho kichwa chake kilikuwa kwenye mkono wa Shomari. Kijana anataka kuita watu.

"Ukimwita mtu nakutolea radhi," Bi Tabu alimwambia, ulimi mzito. Maana meneja alikwisha sema kwamba wazee wenye maradhi hawatakiwi getini, na Vaileth, mama lishe wa ng'ambo ya barabara, alikuwa anaipigia mahesabu nafasi ile usiku na mchana. Shomari akamshika kiunoni wakatafuta bodaboda, wakaikosa, wakaenda kwa miguu mpaka zahanati. Dakika arobaini geti likawa peke yake. Kule zahanati Bi Tabu akamshika ukosi wa shati. "Niapie hutamwambia mtu. Niapie." Akaapa.

Mchana wakahesabu mali, maboksi hayapo. Shomari alipoulizwa kama aliondoka getini, akasema hakuondoka. Alikuwa anatunza kiapo cha bibi yule, naye bibi yule akaenda kusema kwa kinywa chake kwamba kamuona anapakia.

Jioni Bi Tabu alijifungia ndani. Hakuwasha redio, hakutandika kitanda. Alikaa kwenye mkeka akisikiliza kila hatua inayopita uchochoroni, na kila hatua ilikuwa ya polisi. Mlango ukagongwa.

"Hodi mama! Mie Salma."

Alikuwa Mama Shomari. Ameinua juu kisahani kimefunikwa, mkate wa kumimina wa moto, macho yamevimba kwa kulia lakini uso unacheka.

"Mama, nimesikia," akasema, akapiga magoti palepale kizingitini. "Wapakiaji wameniambia. Wanasema umezungumza na yule mzungu Kizungu kitupu, jina la Shomari haliishi mdomoni mwako. Mwanangu wamemrudisha nyumbani mpaka Ijumaa, hali, hanywi, anasema kuna shahidi kamuona. Hamjui ni nani. Nami nikamwambia, acha awepo shahidi wa uongo, sie tunaye Bi Tabu."

"Inuka, mwanangu. Inuka, sakafu ya baridi."

"Mungu akulipe."

Bi Tabu alifungua mdomo amwambie. Ulimi ukagoma kabisa, kama ule wa Jumatatu. Salma alipokwisha kuondoka, akaumega ule mkate kwa sababu aliona aibu kuurudisha mzima, na kila tonge lilishuka kama kokoto.

Mawazo yakaanza kumtembea. Akienda kusema ukweli, atasema nini? Kwamba hakuelewa? Mtoni yote isikie kwamba Bi Tabu wa Kizungu hajui Kizungu? Na kesi ya maelezo ya uongo je? Akaiona jela ya wanawake, akajiona kwenye sare, na umri wake ule. Akafikiri, akafikiri, mpaka akapata njia ambayo ni mtu mkaidi tu angeipata. Mgeni atarudi Ijumaa kumuuliza tena. Basi safari hii atayaelewa maswali. Atajibu sawasawa, kwa Kizungu hichohicho. Kijana atapona, na jina lake litapona.

Siku moja ilikuwa imebaki.

Alhamisi hakwenda getini. Asubuhi na mapema alisimama uani kwa Mwalimu Felicitas, kanga imefungwa mpaka kidevuni. Mwalimu alikuwa anapepeta choroko. Akatazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Leo jua limechomoza upande gani?"

"Nimekuja kununua mayai."

"Mayai siuzi. Mwaka wa pili huu siuzi."

"Basi choroko."

"Bi Tabu. Sema."

Bi Tabu akatazama kuku asiyekuwepo. "Nataka unikumbushe maswali. Ya Kizungu. Kuna machache nimeyasahau."

Mwalimu akaanza kucheka. Kicheko kikafika nusu, kikasimama, kwa sababu alikuwa ameiona mikono ya Bi Tabu. Ilikuwa inasokota pindo la kanga kama kamba. Akavuta kigoda. "Kaa. Kuna nini?"

"Hakuna."

"Haya. Hakuna. Tuanze."

Mwalimu Felicitas alifundisha miaka thelathini na mbili, na mtu wa namna hiyo ukimpa mwanafunzi hawezi tena kukumbuka ugomvi. Akachukua mwiko uliokuwa karibu akaufanya fimbo ya ubaoni.

"Kiswahili chetu mara nyingi swali linakaa mkiani. Unakwenda wapi. Unataka nini. Umefika lini. Unaweza kusinzia mwanzo ukaamka mwisho, na bado ukajibu vizuri. Kizungu hakikusubiri. Neno la kuuliza linatangulia, halafu maneno mengine yanafuata nyuma kama watoto. Wewe unasubiri mkia, kumbe kichwa kimeshapita. Kwa hiyo mtu akifungua mdomo tu, kamata neno la kwanza. Mengine hata yakikupotea."

"Nikishalikamata?"

"Litakwambia anataka nini. Where, anataka mahali. When, anataka wakati. Who, mtu. What, kitu au jambo. Why, sababu. Hayo ukimjibu yesi unakuwa umemjibu upuuzi, lakini upuuzi huo haumuumizi mtu, atakuuliza tena. Hatari iko huku." Akagonga kigoda kwa mwiko. "Did. Do. Is. Are. Have. Hayo ndiyo yanayotaka yesi au no. Did you see? Uliona? Did he come? Alikuja? Hapo yesi yako inakuwa na maana hata kama mwenyewe huna maana yoyote kichwani."

Bi Tabu akahesabu kwa vidole. Kumi na moja, akawaza. Kumi na moja zote zilikuwa za huku.

"Na how?" akauliza, ajionyeshe anajua kidogo.

"Ah, huyo how hana kwao. How many, idadi. How long, muda. How old, umri wako, na hawaoni haya kuuliza. How are you, hiyo salamu tu, hataki kujua habari za magoti yako."

Bi Tabu akaomba kipande cha boksi na kalamu. Mwalimu akamtazama anavyochora: kibanda kwa where, jua kwa when, kichwa cha mtu kwa who, chungu kwa what. Kwa why alikaa muda mrefu na kalamu hewani, asijue sababu inachorwaje, mwisho akairuka.

"Where na when zinafanana," akalalamika.

"Zinafanana kwa asiyesikiliza. Na saa, uwe macho. Saa kumi na moja yetu ya alfajiri wao wanaiita five. Ukisema eleven umehama siku."

Wakaanza. Mwalimu anauliza, Bi Tabu anajibu. Where do you live? Mtoni. Who is your neighbour? Salma. Jasho linamtoka kwenye nywele. Akajibu matano vizuri, sita vizuri, na jua lilipopanda akaanza kuvimba kichwa. Ndipo Mwalimu, bila kumpa nafasi, akafyatua moja ndefu, ya haraka, na Bi Tabu akasikia mdomo wake mwenyewe unasema, "Yes."

"Unajua umekubali nini?"

Bi Tabu akatazama michoro yake kwenye boksi.

"Nimekuuliza kama wewe ndiye uliyeniibia kuku."

Mwalimu alikuwa anatania. Lakini Bi Tabu alijifunika uso kwa kanga, na mabega yakaanza kupanda na kushuka, na kila kitu kikatoka: mgeni, dirisha, Shomari, zahanati, kiapo, Ijumaa. Mwalimu Felicitas aliweka mwiko chini.

"Bi Tabu, mtoto wa watu anafungwa, nawe unakariri where na when tangu asubuhi? Kwa nini usimwambie Gibson afasiri? Dakika mbili tu."

"Siwezi."

"Siwezi au sitaki?"

"Wewe ulinicheka mbele ya watu, Felicitas. Wao watanicheka mpaka nife."

Mwalimu akasukuma ungo wa choroko pembeni. "Nilikucheka, kweli. Nilikosea," akasema. "Lakini siku moja haitoshi. Kesho yule dada atakuuliza lolote, kwa lafudhi yake, kwa mwendo wake. Nakwambia kama mwalimu. Hutayaelewa yote."

"Uliza tena," Bi Tabu akasema, akajifuta pua. "Uliza."

Wakaendelea mpaka adhana ya alasiri.

Ijumaa saa tatu kasoro, alipanda ngazi za ofisi ya meneja akishika ukuta. Kwenye benchi la nje walikuwa wamekaa Salma na Shomari. Kijana amevaa sare yake ya ulinzi, imepigwa pasi, kofia ameishika magotini, midomo imekauka. Mwanzoni alitabasamu, halafu akamuona Bi Tabu anaitwa ndani. Tabasamu likapungua taratibu, kwa sababu Shomari hakuwa mjinga. Aliuliza kwa macho tu. Bi Tabu akapita.

Ndani kulikuwa na kiyoyozi kinachouma mifupa. Meneja yuko nyuma ya meza, Gibson yuko pembeni na daftari, na mgeni wa bima yuko palepale, miwani ileile, karatasi yenye jina la TABU kwa herufi kubwa zilizopinda imelala mbele yake. Mlango haukufungwa vizuri. Ulibaki upenyo wa vidole viwili.

"Good morning, Mama. How are you?"

Salamu, akawaza. Hataki habari za magoti. "Fine."

Yule dada akatabasamu bila meno, akaegemea mbele. "Where were you on Monday, at five in the morning?"

Where! Alimdaka kichwani kama mtu anavyodaka panzi. Kibanda. Mahali. Na five ni saa kumi na moja. Moyo ukamruka. "Gate," akasema. "Sick. Dispensary."

Kalamu ya mgeni ikasimama. Meneja akageuka. "Dispensary?" Mgeni akapekua karatasi ya Jumatano, akaitazama juu na chini. "Who took you there?"

Who. Kichwa cha mtu. "Shomari."

Nje, kwenye upenyo wa mlango, benchi lililia kana kwamba mtu ameinuka ghafla.

Ikawa kama anaweza. Ikawa kweli kama anaweza, na kwa pumzi mbili hivi Bi Tabu alijiona anashuka ngazi zile na jina lake zima na kijana wake mzima. Kisha uso wa yule dada ukabadilika. Akavua miwani. Akaanza kusema, na safari hii neno la kwanza halikuwa who wala where wala did. Lilikuwa neno ambalo Mwalimu hakumpa, na nyuma yake yakaja mengine, marefu, yameshikana mikono, yanakimbia. Akasikia Shomari. Akasikia boxes. Akasikia you said. Akasikia police. Mwisho sauti ikapanda juu, ikasimama, na macho ya watu watatu yakamgeukia.

Ni swali. Alijua ni swali kwa sababu ya ule ukimya.

Yesi ikamjia. Ilikuja yenyewe, ikamjaa mdomoni kama mate, tamu, ya miaka arobaini. Akiitoa kila mtu ataridhika, mgeni ataandika, chumba kitapumua. Labda ni yesi ya kumwokoa. Labda ni yesi ya kumfunga. Alikuwa hajui, na hakuna mtu mle chumbani aliyejua kwamba hajui. Chumba kikaanza kuzunguka kidogo, pembeni, kama Jumatatu, akang'ang'ania ukingo wa kiti kwa mikono miwili na akauma ulimi mpaka akasikia ladha ya damu.

"Gibson," akasema.

"Naam, Bibi."

"Njoo ukae hapa katikati. Fasiri."

Gibson akavuta kiti polepole kana kwamba kiti kitavunjika. Bi Tabu akamtazama mgeni, siyo Gibson, na akasema kwa Kiswahili, kwa sauti aliyotaka isikike na ikasikika mpaka kwenye ngazi.

"Mwambie sikuelewa alichosema sasa hivi. Mwambie na Jumatano sikuelewa. Hata moja. Zile yesi nilizitoa kama mtu anavyoitikia kwaya. Sikuona gari, sikuona maboksi, sikuwepo. Nilianguka hapo getini, Shomari akanipeleka zahanati kwa miguu, jina langu liko kwenye daftari lao, waende wakaangalie. Nikamwapisha asiseme, kwa sababu nilitaka mahali pangu. Kaapa, akatunza. Hayo yote mwambie, wala usinipunguzie."

Gibson akafasiri. Ilimchukua muda. Yule dada akasikiliza mpaka mwisho, uso mwekundu, akamgeukia Bi Tabu akauliza neno moja tu, taratibu, na hilo alilielewa bila mkalimani.

"Why?"

Kiyoyozi kinanguruma. Meneja anagonga kalamu.

"Mwambie niliogopa kuonekana sijui," akasema. "Sina nyingine."

Karatasi ya Jumatano ikachanwa? La, haikuchanwa. Mgeni aliipiga mstari, akaandika nyingine, na safari hii Bi Tabu alimlazimisha Gibson aisome yote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na kwenye mstari wa saba akamsimamisha: "Hapo umeruka. Sema neno lile, nilimwapisha." Gibson akalirudisha. Ndipo akaandika jina lake, herufi nne, na hakuna hata moja iliyonyooka. Hakujua kama amesaini kupona kwa kijana au kufungwa kwake mwenyewe. Alisubiri waseme habari ya kesi. Hakuna aliyesema, na hakuthubutu kuuliza.

Wakamtoa nje, wakamwita Shomari. Salma alikuwa amesimama kando ya benchi, mikono imekumbatia tumbo. Wakabaki wawili pale, benchi liko tupu, hakuna anayekaa.

"Shahidi ni wewe," Salma akasema.

"Ni mie."

"Jumatano nimekupigia magoti."

"Ndiyo."

"Ukala mkate wangu."

Bi Tabu alitazama miguu ya Salma, kandambili zake zimevaliwa tofauti, moja ya bluu moja nyekundu, mwanamke alitoka nyumbani bila kujiangalia. Hofu aliyokuwa nayo siku mbili, ya polisi na jela, ilikuwa ndogo mbele ya hii ya sasa.

Mlango ukafunguliwa. Shomari akatoka amebeba kofia na fulana ya kung'aa, zimekunjwa, akampa Gibson aliyekuwa nyuma yake. Akamwambia mama yake, "Polisi hakuna. Wataangalia daftari la zahanati, basi. Ila kazi hakuna. Geti niliacha wazi, mama, hilo ni kweli, niliacha."

Salma akavuta pumzi ndefu iliyotoka kama kilio, akamkumbatia mwanawe, halafu akaanza kushuka ngazi bila kugeuka. "Twende, Shomari."

Kijana akabaki kidogo. Alimsogelea Bi Tabu, ambaye alijikunyata akingoja tusi, na alistahili.

"Zile dawa za presha walizokuandikia, Bibi, umeshanunua?"

"Bado," akasema Bi Tabu.

"Nunua leo."

"Shomari!" Salma akaita kutoka chini.

Akashuka mbiombio, ngazi mbili mbili. Bi Tabu alisubiri mpaka sauti za kandambili zikapotea kabisa upande wa barabarani, ndipo akashika ukuta, akaanza kuteremka peke yake.